Picha ya Susu Kwenye Blogu ya Moringa

Nawasalimu katika jina la Yesu, ndugu zangu. Mimi ni Mama Mutheu, yule wa moringa pale karibu na soko. Leo nimemwomba pasta dakika kumi kwa sababu hili jambo limenikaa kooni tangu mvua zilizopita. Mmezoea mtu akija hapa mbele anasema shetani alimfanyia hivi na vile. Mimi sina la kumsingizia shetani. Niliyoyafanya niliyafanya kwa vidole vyangu, kwa simu yangu, nikiwa nimeshiba.

Zamani nilikuwa nashona suruali kiwandani, EPZ Athi River. Kandarasi ilipoisha nikarudi hapa Machakos, nikaanza kuuza unga wa moringa. Miti iko Masii kwa nyanya yangu, yule tunayemwita susu kwa Kikamba. Tunachuma majani, tunayaosha, tunayaanika kivulini juu ya wavu, tunasaga, tunatia kwenye pakiti. Ni chakula kizuri. Ukitia kwenye uji au mboga, mwili unapata nguvu kidogo. Ukweli wote wa moringa ni huo, na haujazi hata ukurasa mmoja.

Basi nikatengeneza blogu. Jirani yangu wa duka la kompyuta alinionyesha jinsi ya kufungua ile ya bure, mengine nikajifunza mwenyewe. Nikaitia rangi ya kijani, nikaweka picha ya majani kwenye wavu, bei, na namba yangu ya simu. Kila Jumatatu niliandika kitu: namna ya kukausha majani yasipoteze rangi, namna ya kupika uji wa mtoto. Niliandika vizuri, msinione hivi. Lakini blogu hukuonyesha ni watu wangapi wameifungua, na waliokuwa wakiifungua ni mimi, dada yangu, na mimi tena.

Nikajiambia, watu wetu hawataki habari za wavu. Watu wetu wanataka ushuhuda. Na ushuhuda, ndugu zangu, mimi naujua. Nimekaa kwenye viti hivi tangu nikiwa msichana. Najua unaanza na salamu, unaingia kwenye mateso, unataja madaktari walioshindwa, halafu unageuka. Najua machozi yanakaa wapi na haleluya inakaa wapi. Nikafungua ukurasa mpya, nikauita Shuhuda, na ule wa kwanza nikaumaliza nikingoja muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, uive jikoni.

Nilimtunga nyanya mmoja wa Masii aliyesumbuliwa na presha miaka mingi. Akanywa moringa yangu asubuhi na jioni, akatupa tembe za hospitali chooni, na sasa analima mwenyewe. Mwisho nikamfanya aseme, "Mwanangu, mimi tembe siguzi tena." Ikabaki picha. Kwenye simu nilikuwa na ya susu wangu, ameshika jembe, anacheka. Nikaiweka bila kumwuliza. Susu hana simu ya kufungua blogu, nani angemwambia?

Na mjue jambo moja. Susu wangu ana presha. Anameza tembe kila asubuhi akishamaliza chai, na zikiisha ni mimi ninayemletea nyingine kutoka kliniki. Nilikuwa najua hayo yote wakati naandika.

Oda zikaanza kuja, za hapa mjini, za Kitengela, hata za Nairobi. Nikatunga ushuhuda wa pili, wa tatu, mpaka nikaanza kujiita mshauri wa afya. Nikanunua mashine kubwa ya kusaga. Sadaka zangu mliziona, na mkanipigia makofi.

Siku moja, chini ya ule ushuhuda wa susu, mahali wasomaji wanapoandika maoni, msichana anayeitwa Faith akauliza swali. Mama yake ameacha tembe za presha wiki mbili sasa, anatumia moringa peke yake, na kichwa kinamuuma sana upande wa nyuma. Je, susu naye alianza hivyo? Blogu yangu nilikuwa nimeipanga maoni yapite kwangu kwanza kabla hayajaonekana, kwa hiyo nafasi ya kumwambia ukweli nilikuwa nayo. Nikaona nikimwambia arudi hospitali, wengine nao wataanza kuuliza. Nikamjibu kana kwamba mimi ndiye susu: "Mwanangu, hata mimi kiliniuma. Ni uchafu unatoka. Vumilia." Nikabonyeza, nikarudi kupima unga.

Baada ya siku nne Faith akanipigia kwa ile namba ya blogu. Hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema mama yake ameanguka jikoni, mkono wa kushoto hauinuki, na amelazwa hapa mjini. Lakini hakuwa amepiga kunilaumu. Mama amekataa dawa wodini, anazificha chini ya ulimi na kuzitema. Anasema alianguka kwa sababu ya imani haba, na kama susu wa Masii alivumilia, hata yeye atavumilia. Daktari ameonya kwamba akianguka tena huenda asiinuke. "Mwaitu," akaniambia, na kwetu hivyo ndivyo unavyomwita mama kwa heshima, "nisaidie tu nimpate huyo susu. Mama hatamsikia mtu mwingine."

Nikakaa chini juu ya magunia. Niliwaza kumwambia susu amesafiri. Niliwaza kuzima simu. Kisha nikamfikiria yule mama anavyotema dawa kwa ajili ya maneno niliyoyatunga nikingoja chakula kiive, nikaogopa sana. Nikalia. Nikamwambia Mungu, sitaki kuua mtu. Sala yangu ilikuwa fupi hivyo. Sikusikia sauti yoyote. Nilichopata ni nguvu ya kuinuka, nikaenda Masii.

Susu alikuwa anapepeta mbaazi, chai ya asubuhi bado hajanywa. Nikamweleza yote, nikamwonyesha picha. Akaisogeza karibu na macho.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, susu."

"Na haya maneno ni yangu?"

"Hapana, susu. Ni yangu."

Akataka nimsomee tena polepole, kwa Kikamba, nami nikasoma mpaka mwisho. Nilidhani atanichapa. Yeye akaingia ndani, akavaa viatu vya kanisani, akachukua tembe zake akazifunga kwenye pembe ya leso. Akasema, "Umenifanya mwongo kwa watu nisiowajua. Twende nikawaambie mwenyewe." Tukapanda matatu kurudi mjini.

Wodini, Mama Faith alimtambua susu kabla hatujafika kitandani. Akatabasamu kwa ule upande wa uso uliokuwa na nguvu, akanyoosha mkono mzima amsalimie. Hapo ndipo niliposema. Nilisema mbele ya Faith, mbele ya muuguzi na wagonjwa wa vitanda vya jirani, kwamba ule ushuhuda niliutunga mimi, na lile jibu la kichwa niliandika mimi. Mama Faith hakuniamini. Alimtazama susu tu. Susu akaketi kando yake, akafungua leso, akaweka tembe moja kiganjani. "Hii nameza kila siku, mwanangu. Ya leo sijameza, nilitaka unione." Akaimeza. Kisha akamwuliza muuguzi dawa ya mgonjwa ni ipi, akaipokea, akampa kwa mkono wake. Mama Faith alilia kwanza. Halafu akameza, akafungua kinywa na kuinua ulimi ili susu aone.

Ndugu zangu, jina langu liko kwenye kitabu cha kanisa miaka mingi. Lakini kufunguliwa, nilifunguliwa pale kando ya kile kitanda.

Siku ileile nilifuta shuhuda zote. Juu kabisa ya blogu nikaandika: Niliwadanganya. Moringa ni chakula. Usiache dawa za hospitali. Nikawapigia wateja mmoja mmoja, wale niliokuwa na namba zao. Wengine walinitukana, ni haki yao. Oda zimepungua sana na ile mashine kubwa nimeiuza. Msingoje niseme Bwana amenirudishia mara mbili, maana hajanirudishia. Blogu ingalipo. Naandika habari za kukausha majani, na kitu hakitoki kabla sijamsomea susu.

Mama Faith anatembea kwa fimbo. Mkono bado. Kila mwezi tunaenda kliniki pamoja, yeye, susu na mimi, na hajaniambia kwamba amenisamehe. Mimi namshukuru Mungu kwamba yu hai.

Sasa nimalize. Wako waliosoma ukurasa ule bila kununua kitu, na namba zao sina. Huenda mmoja wao ameketi hapa. Kama uliacha tembe zako kwa sababu yangu, au kwa sababu ya mtu mwingine aliyesimama mahali kama hapa akasema kwa machozi, Mungu hakukasirikii ukimeza dawa. Mtumaini yeye, na umeze. Tukitoka nitasimama pale mlangoni. Ukiona haya usiseme neno, nishike tu mkono unapopita, nitaelewa. Kesho asubuhi tutaenda kliniki mimi na wewe.