Msumeno wa Kupasua Kwila

Basil: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Nesta: Ni dada yako. Simu ya kasisi hii, yangu imezima.

Basil: Ah, dada. Shikamoo.

Nesta: Marahaba. Umefika dukani?

Basil: Nipo ndani. Huku mjini Honiara leo jua linachoma, jasho linanitoka kama—

Nesta: Jasho utanisimulia ukirudi. Nimesimama juu ya kisiki nyuma ya kanisa, nikishuka tu mtandao unakata. Akina mama wote wa Umoja wetu wako hapa chini wananitazama mdomo. Wana misumeno gani?

Basil: Ya mnyororo ya maana ni mitatu. Kuna mwekundu, ndio mdogo, kilo tano na kitu. Kuna wa kati, huo achana nao, vipuri vyake havipatikani. Halafu kuna jitu la rangi ya chungwa, kilo saba na nusu hata mafuta hujatia.

Nesta: Nguvu je?

Basil: Mwekundu farasi wanne. Jitu karibu saba. Lakini dada, nisikilize mimi, chukueni mwekundu.

Nesta: Mwekundu?

Basil: Mwepesi, haunywi mafuta. Nyie ni akina mama. Mkilishika jitu lile tangu asubuhi, jioni hamtaweza kuinua hata kikombe cha chai. Linatikisa mpaka mifupa.

Nesta: Watoto niliowabeba mimi walikuwa wazito kuliko hilo jitu lako.

Basil: [anacheka] Sawa, na bei? Kwa bei ya jitu mnapata myekundu miwili. Mmoja ukiharibika mnashika mwingine. Hesabu inakubali.

Nesta: Ngoja. Mama Vinoli anauliza, huo mwekundu utapasua mti mgumu kama kwila?

Basil: Utapasua. Polepole, lakini utapasua.

Nesta: Polepole mpaka lini? Mkutano ni Jumamosi. Wazee wamekubali kwa shingo upande: kabla hawajatia sahihi ya kuipa kampuni ya magogo msitu wa juu, waone kwanza mbao za kuuza tulizopasua wenyewe. Tusipokuwa na mbao, msitu umekwenda, na chemchemi tunayokunywa imekwenda nao.

Basil: Najua, dada, mimi si mge—

Nesta: [mtandao unakwaruza] ... Haloo? Unanisikia?

Basil: Sasa ndio. Nilikuwa nasema, fikiria uzito. Uzito ndio unaomuua mtu.

Nesta: Unamuua anayekata matawi. Sisi tunapasua mbao. Msumeno unalala kwenye fremu yake juu ya gogo, gogo ndilo linaloubeba. Wewe unausukuma tu.

Basil: Nani kakudanganya hivyo?

Nesta: Wewe.

Basil: Mimi?

Nesta: Ulipokuwa unapasua mbao za nyumba ya mama. Nilikuwa nakuletea viazi, nakaa kwenye magogo nakutazama. Ulikuwa na msumeno mdogo wa kuazima. Ukakufia kwenye kwila hata ubao wa tatu haujaisha, injini ikanuka kuungua, ukautupa kichakani ukatukana mpaka mama akakufukuza. Jioni ukaniambia, dada, kwila usije ukaigusa na kitu chini ya farasi sita.

[Basil anatafuna]

Nesta: Basil.

Basil: Mtandao... sikusikii vizuri—

Nesta: Unanisikia. Hata mimi nakusikia unavyotafuna popoo.

Basil: Dada, misumeno ya siku hizi imebadilika.

Nesta: Imebadilika, kwila haijabadilika. Wewe umekula maisha yako yote kwa msumeno, hujakosea kwa kutojua. Unanichagulia msumeno utakaokufa. Unajua utakufa.

Basil: Usiseme hivyo.

Nesta: Wamekuahidi nini?

Basil: Akina nani tena?

Nesta: Usinizungushe. Yule bwana wa kampuni uliyekuwa unakunywa naye chai gatini.

Basil: Usimamizi wa kambi. Na gari.

Nesta: Aha.

Basil: Dada, mgongo wangu umekwisha. Vidole hivi vimekufa ganzi kwa kutikiswa, shati nafungiwa vifungo na mke wangu. Miaka yote nakata miti ya watu, na mimi nataka mara moja tu nikae kivulini, wengine wakate. Ni kosa hilo?

Nesta: Si kosa. Ungekuja ukaniambia usoni ningekasirika, tungegombana, ningekupikia, yangeisha. Lakini kuninunulia aibu? Nivute kamba ya msumeno mbovu mbele ya wazee mpaka waangue kicheko, halafu wewe, ndugu yangu, usimame useme mnaona, wanawake wamejaribu wameshindwa? Limeniuma hilo, Basil. Limeniuma sana.

Basil: Dada...

Nesta: Hiyo hela mfukoni mwako ni ya mihogo ya hawa mama. Wameipika na nazi, wameibeba kwa mtumbwi mpaka soko la Buala kwa mvua na kwa jua. Na wamekusikia. Simu ya kasisi ina sauti kama spika ya kanisa.

Basil: Wamesikia yote?

Nesta: Yote. Hata Mama Vinoli, na unamjua.

Basil: [anashusha pumzi] Mungu wangu.

Nesta: Sasa sikiliza. Meli inaondoka jioni, hela iko kwako, mimi siwezi kukufikia. Nunua unaotaka. Ukishuka ule mwekundu tutapasua nao mpaka ufe, na ukifa tutashika misumeno ya mikono. Vyovyote itakavyokuwa, Jumamosi nasimama mwenyewe.

Basil: Unasimama wapi?

Nesta: Mbele ya wazee. Naongea.

Basil: Haijawahi kutokea. Mwanamke akiwa na neno, ndugu yake ndiye—

Nesta: Najua mila kama wewe. Ardhi imetoka kwa mama ikaja kwangu, itakwenda kwa binti zangu. Mdomo tu ndio niliokuazima, kwa heshima. Leo nauchukua.

Basil: Wazee watatoka nje.

Nesta: Watoke. Mvua itawarudisha ndani.

Basil: Watasema umenidhalilisha.

Nesta: Waseme. Siwaombi ruhusa, na wewe sikuombi. [mlio] Salio la kasisi hilo linaisha. Sema neno au usiseme, mimi nimemaliza.

[sauti za dukani]

Nesta: Basil? Bado upo?

Basil: Nipo. Muuzaji ananiuliza kitu.

Nesta: Anauliza nini?

Basil: Hili la chungwa... anauliza upanga wake, ule unaozungukwa na mnyororo, tunataka mfupi au mrefu.

Nesta: Mrefu.

Basil: Ndivyo nilivyomwambia. Na minyororo nachukua ya kupasulia, siyo ya kukatia, meno yake ni tofauti. Kadhaa, maana kwila inakula meno. Na tupa za kunolea.

Nesta: Chukua.

Basil: Dada... nikija na meli leo, mtanipokea?

Nesta: Mimi nitakupokea. Hawa mama sijui, wananitazama vibaya sasa hivi.

Basil: Niwaonyeshe kunoa tu. Na ile fremu, mkiifunga vibaya mbao zinatoka kama mawimbi.

Nesta: Njoo basi. Wanakubali kwa kichwa. Mama Vinoli hajakubali, lakini kazi atakupa.

Basil: Na yule bwana wa kampuni? Nimwambie nini?

Nesta: Mwambie ukweli, kama bado unaukumbuka. [mlio] Haraka.

Basil: Sasa Jumamosi mimi nitakaa wapi? Kiti changu kiko mbele na wazee.

Nesta: Kiti hicho nakaa mimi. Wewe utakaa nyuma, kwenye mikeka, na akina mama.

Basil: Nyuma? Bila kusema neno? Dada, kijiji kizima kitanicheka—

Nesta: Kitacheka. Utazoea, sisi mbona tumezo—

[salio limekwisha]