Bi Maswali na Kiti cha Wagonjwa

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi mliofanya naye kazi, kwa niaba ya familia tunasoma mbele yenu maisha ya dada yetu, ambaye nyumbani tulimwita Dada Mkubwa na ninyi wa zahanati mlimwita Bi Maswali, jina alilolikataa kwa mdomo na kuliitikia kila siku.

Dada Mkubwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto watano wa baba mwalimu na mama mkulima, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, ambako alitolewa darasani mara mbili kwa kosa la kumchosha mwalimu kwa maswali, na mwalimu mwenyewe alikuwa baba yake. Alimaliza sekondari mwaka 1978, akasomea uuguzi hadi Novemba 1982, na tarehe 1 Februari 1983 akaajiriwa katika wodi ya wazazi, alikofanya kazi miaka ishirini na moja kabla ya kuhamishiwa zahanati ya jirani na nyumbani kwake.

Huko wodini ndiko alikokutana na shemeji yetu, seremala aliyeitwa kurekebisha mlango wa stoo ya dawa, kazi ya asubuhi moja ambayo shemeji aliifanya kwa siku nne, na mpaka leo hajatueleza mlango ule ulikuwa na nini. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa binti mwaka 1990, mwana mwaka 1993 na kitindamimba wa kike mwaka 1997.

Ugonjwa wa kifua unaoambukiza ulipoingia, mwaka 2020, mganga mkuu alimweka Dada mlangoni mwa zahanati, akampa meza barazani, kipimajoto, daftari na kiti kimoja cha plastiki kwa ajili ya mgonjwa, kilichowekwa hatua mbili kutoka alipo. Kila aliyekuja, awe na jino, mimba au kidonda, alikaa pale akapimwa joto na kuulizwa mambo matatu, una homa, unakohoa, nyumbani kwako kuna anayekohoa, na ukijibu ndiyo hata mara moja ulizungushwa kwa nje hadi chumba cha pembeni. Jina lako, namba ya simu na saa uliyofika viliandikwa vyote, maana kwenye daftari Dada hakuwa na dogo.

Jumatatu, tarehe 8 Juni, alifika fundi cherehani wa miaka sabini na nne, aliyefuata dawa zake za presha, akajibu hapana mara tatu, kisha akamtania, "Na wewe je, nani amekuuliza?" Foleni nzima ilicheka, naye akacheka nyuma ya barakoa, halafu kalamu ikamsimama mkononi, kwa sababu asubuhi ile alimwacha shemeji kitandani akikohoa, na kwa miaka thelathini na moja ya ndoa kikohozi cha shemeji kilikuwa vumbi la mbao, alishakizoea kama alivyozoea mlio wa randa, asikihesabu kuwa ugonjwa hata siku moja.

Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua, lakini alipiga moyo konde, akainuka, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akamwita muuguzi mwenzake na kumwambia asimame mbali, "Niandike. Nyumbani kwangu kuna mtu anakohoa." Walipopimwa, yeye na shemeji, wote wawili walikutwa na virusi.

Asubuhi ile alikuwa ameshawapitisha watu arobaini na saba. Hatutasema uongo mbele ya jeneza lake, siku zile za kukaa nyumbani zilikuwa nzito, wapo mtaani waliosema kwa sauti kwamba yeye ndiye aliyewaletea ugonjwa, na yeye mwenyewe aliamini hivyo. Lakini kwa daftari lake karani wa zahanati aliwapata wote arobaini na saba ndani ya siku mbili, na kila alasiri akampigia Dada simu kumweleza hali zao. Watano waliugua, akiwemo fundi, aliyewekewa oksijeni kwa siku tisa, na swali la kwanza la Dada kila siku lilikuwa, fundi je?

Tarehe 29 Juni fundi alipiga mwenyewe, sauti inakwaruza, akasema, "Bi Maswali, homa sina, kikohozi kimebaki kidogo, na nyumbani hakuna anayekohoa ila cherehani." Dada alilia hadi simu ikaanguka. Wote watano walipona, na fundi yuko nasi leo mstari wa mbele, na koti alilovaa amelishona mwenyewe.

Aliporudi kazini tarehe 6 Julai aliweka utaratibu kwamba kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, wahudumu wote wakae kwenye kile kiti waulizwe, akianza yeye. Mganga mkuu alinuna siku mbili, siku ya tatu akaja na mto wa kukalia, na utaratibu huo upo hadi leo, ingawa Dada alistaafu mwaka 2021.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, bila kuacha utani wake. Asubuhi ya tarehe 19 Mei 2025 muuguzi wa zamu wa hospitali alikolazwa, binti mdogo, alipoingia, Dada alimwonyesha kiti akamuuliza yale matatu kwa sauti ya chini, binti akajibu hapana zote, kisha naye akamuuliza yeye. Kwenye la tatu Dada alimtazama shemeji pembeni ya kitanda, akasema, "Yupo anayekohoa, lakini huyu tumempima. Ni vumbi." Saa nne asubuhi alituaga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia miaka miwili, wahudumu wa zahanati, majirani mliopika na kufua nyumbani kwake, pamoja na wale mliomnung'unikia zamani na leo mmebeba jeneza lake.

Dada Mkubwa, shemeji tutampima kila atakapokohoa, hata tukijua ni vumbi. Wewe sasa pumzika kwa amani.