Mzee Fyuzi na Amplifaya ya Chumba cha Nyuma

Tarehe 30 mwezi huu, fundi mkuu wa umeme wa kiwanda chetu cha uchapaji, ambaye sote tunamwita Mzee Fyuzi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi.

Alianza kama kibarua wa kubeba ngazi, akapanda hadi kusimamia karakana nzima. Ndiye aliyetandaza upya nyaya za jengo hili bila uchapaji kusimama. Hapakuwa na mashine iliyowashwa kabla hajauliza maswali yake: inakula umeme kiasi gani, joto lake litatokea wapi, na itamkera nani. Wakurugenzi nao, kwa heshima zote, waliyajibu.

Nyumbani, Mzee ni mtu wa redio ya ridhaa, ya kuzungumza na watu wa mbali hewani kwa kujifurahisha. Chumba cha nyuma kina mitambo yake, na antena iko juu ya paa. Anayemtafuta zaidi hewani ni mdogo wake, mtunza mnara wa taa kwenye kisiwa kisichofikiwa na simu. Kwa miaka mingi habari za familia zimemfikia huyo ndugu vipande vipande, hata Mzee apaze sauti namna gani. Ndiyo maana zawadi aliyojichagulia ya kustaafu ni amplifaya, mashine ya kuyapa nguvu mawimbi anayorusha.

Mkewe, fundi cherehani, aligoma. Mara ya mwisho Mzee alipoazima moja, sauti yake ilitokea kwenye televisheni ya jirani katikati ya penalti, ikiulizia hali ya hewa kisiwani. Jirani alikuja mbio na kandambili mguu mmoja. Mama akatoa onyo: “Baba, dude lile likirudi hapa, utalala na antena yako huko juu!”

Mwezi uliopita Mama alilegeza msimamo, wakaenda dukani pamoja. Muuzaji akafunua amplifaya kubwa kuliko zote, na Mzee wetu, macho yakimng’aa kama mtoto, akasema afungiwe. Hakuuliza chochote! Mama ndiye aliyeuliza, swali baada ya swali, mpaka muuzaji akaanza kumwita mhandisi. Waliondoka na ya ukubwa wa kati, pamoja na kichujio cha kuzuia mawimbi yasiingie kwenye vyombo vya majirani. Masharti: jirani akilalamika, inarudi dukani.

Jumapili waliijaribu. Jirani alikaa mbele ya televisheni yake, Mama akawasha cherehani yake ya umeme. Picha haikutikisika, taa haikufifia. Mzee akavuta pumzi, akaita kwa sauti yake yote. Jibu lilikuja safi kutoka kisiwani: “Kaka, mbona unanifokea? Nakusikia.”

Mama anasema Mzee alianza upya, polepole, kumsimulia mdogo wake habari za wajukuu.

Mzee Fyuzi, asante kwa kutulea na kutuwashia taa. Tunakutakia maisha mema, yenye mazungumzo marefu na majirani wenye furaha.