Maji ya Rangi ya Chai: Wasifu wa Marehemu Kadenge Lewa Nguma

Marehemu Kadenge Lewa Nguma alizaliwa Jomvu Kuu tarehe 11 Aprili 1961, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Lewa Nguma. Alisoma shule ya msingi huko huko, kisha sekondari Changamwe, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979.

Kuanzia Februari 1983 hadi Aprili 2021 alikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari Kisauni. Mwaka 1998, katika kidimbwi njiani kwenda Kaloleni, aliokota mmea unaoelea, usio na mizizi, wenye vifuko vidogo kama ufuta. Vifuko hivyo hunasa viluwiluwi vya mbu na kuvila. Aliufuga katika mabeseni tisa uani kwake, Frere Town, kwa maji ya mvua na majani makavu ya mti wa mkungu, yaliyoyapa maji rangi ya chai.

Alijifunza kwa kuharibu. Mbolea iliuozesha kwa siku nne. Jua la adhuhuri lilipochemsha maji, alitungika wavu wa kivuli. Ukoga wa kijani aliuzungusha kwa kijiti cha mshikaki na kuutoa, taratibu, kila Jumamosi. Maji ya mfereji, yale ya bomba, yaliuua mmea kila alipoyajaribu.

Alimwoa Caroline tarehe 10 Desemba 1988, wakajaliwa Gona na Mweri.

Mwaka 2019 jirani yao, Mama Cindy, alimjia juu. "Baba Gona, mwaga hayo maji, watuletea mbu!"

Marehemu akampa kijiko. "Chota, mama. Ukipata kiluwiluwi kimoja, namwaga yote leo."

Alichota hadi mkono ukachoka, asipate hata kimoja.

"Haya," marehemu akasema, "sasa twende tukachungulie pipa lako."

"Pipa langu liache!" akajibu, naye akacheka.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa tarehe 6 Mei. Jumamosi tarehe 10, sisi ndugu zake tulikuja kusafisha uani ili wageni wasione uchafu. Tulimwaga mabeseni manane, tukayasugua kwa sabuni, tukayajaza maji ya mfereji, tukairudisha mimea humo. Kadi yake ilikuwa ukutani, kwa herufi kubwa: MAJI YA MVUA TU. Sote tuliokuwapo twajua kusoma.

Alipotoka hospitali tarehe 15, mimea ilikuwa imekuwa ute.

"Nani aliyetia maji ya mfereji?" akauliza.

Kaka yake, Kitsao, akamwambia, "Ndugu yangu, hayo si majani tu?"

Aliuliza kila siku hadi alipofariki, Jumanne tarehe 27 Mei 2025. Hakuna aliyemjibu. Leo tumemletea mashada ya maua ya plastiki, tukayaandika kwamba tulimpenda.

Ameacha mjane, Caroline. Watoto, Gona na Mweri. Kaka yake, Kitsao. Na mdogo wake, Ruwa, aliyeandika haya na aliyeshika ndoo siku ile pamoja na wenzake. Ameacha pia beseni moja la buluu nyuma ya tangi, ambalo hatukuliona. Mmea wake u hai. Tumesikia uani kutasafishwa tena kabla ya kuondoa matanga. Beseni hilo lisiguswe. Anayetaka kulisafisha asimame hapa kaburini, kwanza ajibu alichoulizwa.

Lala salama, Kadenge. Hili litanywa mvua tu.