Mteja wa Lahsen

Katika teksi ya kutoka Asni kwenda Imlil, begi la Ibtissam, msichana wa Casablanca, lilinibana dirishani. Upande wake wa pili alikaa Mama Fadma, mwenyeji wa Imlil, na kapu lake la mikate. Alivitazama viatu vya binti, akauliza, "Unapanda mlima Toubkal na theluji hii?"

"Kesho, mama. Nina kiongozi hodari, anaitwa Lahsen."

Mama akaliteremsha kapu miguuni. "Huyo ni mume wangu. Upepo wa jana umeng'oa bati la zizi letu, na yeye hakupata usingizi. Lakini mteja akija, hajui kukataa."

"Mbona kwenye simu ameniambia njia ni salama?"

"Ulitaka akwambie nini? Mwanangu, mwambie unaumwa. Tumbo, kichwa, chochote. Usipopanda wewe, naye atabaki nyumbani."

Dereva akapunguza redio, eti inamchosha masikio.

"Si umwambie wewe?" Ibtissam akasema.

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Ananiita mwoga."

Ibtissam alivaa glavu, kisha akazivua tena. "Hata mimi naogopa, mama. Tangu tutoke Asni."

"Basi sema hivyo hivyo!"

Teksi ikasimama. Lahsen alifungua mlango akitabasamu, vyuma vya kukanyagia barafu vikining'inia begani. Macho yalikuwa mekundu. "Karibu, binti! Uko tayari?"

Mama Fadma akamshika Ibtissam mkono. Ibtissam akafungua mdomo, na sisi abiria wote tukasahau kushuka.