Trekta Ina Kiti Kimoja: Maisha ya Mzee Anselmo Hergert, 1948–2024

Mzee Anselmo Hergert alizaliwa tarehe 21 Aprili 1948 hapa San Wendelino, mkoa wa Entre Ríos, Argentina, akiwa mtoto wa sita kati ya tisa wa marehemu Mzee Konrado Hergert na marehemu Mama Amalia. Alizaliwa alfajiri, saa ya kukamua. Mama yake alikuwa akisema kwamba siku ile ng'ombe walikubali kusubiri, yeye akakataa.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1955 na kufika darasa la nne. Kaka zake wawili walipochukuliwa jeshini aliacha, kwa kuwa ng'ombe hawajui kalenda ya shule. Maisha yake yote alisoma kwa kufuata mstari na kidole, midomo ikichezacheza. Lakini ukimtajia urefu na upana wa shamba, alikupa idadi ya magunia ya mbegu kabla hujapata kalamu.

Alilima kwa farasi tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Mwaka 1971 yeye na kaka yake Reinaldo walinunua trekta nyekundu iliyokwishatumika, na tangu hapo kazi yake ikawa kuwalimia watu, kutoka mtoni hadi barabara ya Paraná. Alikuwa na mkono mtulivu. Mistari yake ya ngano ilinyooka hata padri akaisifu kanisani.

Mwezi Septemba 1973 alimwoa Bi Otilia Schaab. Kabla ya hapo alikwenda kwao Jumapili tatu mfululizo, akakaa barazani, akanywa mate, ile chai yetu ya majani machungu, akarudi nyumbani bila kusema neno. Jumapili ya nne baba mkwe akachoka. "Kijana, umekuja kuoa au kutumalizia majani?" Anselmo akafikiri kidogo, akajibu, "Vyote viwili, mzee." Walijaliwa watoto wawili, Nélida, aliyeitwa Neli, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1975, na Aldo, aliyezaliwa mwaka 1980.

Sote hapa tunaijua Jumamosi ya pili ya Juni, siku ya mbegu ya kwanza. Mtoto aliyetimiza miaka mitatu hubebwa na baba yake mzunguko mmoja wa shamba, ngumi imejaa ngano, akizitupa punje huku na huku. Enzi za mababu mtoto alikaa juu ya farasi, mapajani pa baba. Trekta zilipokuja farasi wakauzwa, desturi ikabaki, na mtoto akahamishiwa juu ya madigadi, lile bati linalofunika tairi kubwa la nyuma. Baba alimshika kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono wa pili. Hakuna aliyeketi kuuliza kama farasi na trekta ni kitu kimoja.

Tarehe 10 Juni 1978 Mzee Anselmo alimpandisha Neli. Mtoto alivaa koti la bluu. Walikuwa wamebakiza robo ya mzunguko wakati tairi la mbele lilipoingia kwenye shimo la mnyama, usukani ukamponyoka, naye akaudaka kwa mikono yote miwili, kama ambavyo dereva yeyote angefanya. Neli aliangukia mbele ya tairi la nyuma. Alizikwa siku iliyofuata, hatua chache kutoka hapa tuliposimama.

Hakuna aliyemlaumu. Reinaldo alimwambia, "Ni mapenzi ya Mungu, ndugu yangu." Marehemu akamjibu, "Mungu hakumpandisha pale. Nilimpandisha mimi." Akaongeza maneno ambayo aliyarudia miaka arobaini na sita: "Farasi akisikia mtoto ameanguka, husimama. Trekta haina habari."

Tangu mwaka ule, kila siku ya mbegu, alikwenda kusimama kwenye mageti ya watu, kofia mkononi, akiwaambia akina baba neno moja: trekta ina kiti kimoja. Mwaka wa kwanza walimwonea huruma. Mwaka wa tatu wakamchoka. Wakampa jina. "Kiti Kimoja huyo anakuja, haya, ficheni watoto." Hata kwenye staftahi ya mbegu, ambapo keki na soseji huliwa meza moja na kijiji kizima, mwaliko wake ulianza kusahaulika, na yeye hakuuliza. Bi Otilia hakuwahi kumwambia neno baya. Alimtengea chai yake ya mate kila asubuhi, kisha akaenda kunywa ya kwake upande wa pili wa nyumba. Waliishi hivyo hadi Bi Otilia alipofariki mwaka 2010.

Mwaka 2012 zamu ilifika kwa Aldo, ambaye binti yake Delfina alikuwa ametimiza miaka mitatu. Watu kama thelathini walikuwepo shambani. Trekta ilikuwa inanguruma, mtoto yuko juu ya madigadi, ngano mkononi. Mzee alifunga geti akasimama mbele yake.

"Baba, toka hapo," Aldo akasema. "Tutachekwa."

"Tuchekwe."

"Nitamshika vizuri."

"Na mimi nilimshika vizuri."

Aldo alizima injini, akamteremsha mtoto, akaenda zake kwa miguu mbele ya macho yale yote. Baba na mwana hawakuongea tena kwa miaka kumi na miwili. Nyumba zao zinatenganishwa na shamba moja la soya. Aldo akipita na gari aliinua kidole kimoja kwenye usukani, kama tunavyomsalimia mpita njia yeyote, na mzee aliinua kidole kimoja kutoka kwenye kiti chake. Kisha vumbi likatua.

Wasiompenda walisema anachukia watoto. Wanaosema hivyo hawakuingia bandani mwake siku ya Jumamosi. Trekta nyekundu alikwisha kuitoa betri, akaipandisha juu ya matofali. Watoto walikwenda kwa zamu, mmoja mmoja, akawakalisha kwenye kile kiti kimoja, usukani mikononi mwao, na ufunguo mfukoni mwake. Yeye alisimama chini pembeni akiwaambia wanapopita. Hapa ni darajani, punguza mwendo. Pale kuna ng'ombe wa Mama Schaab, mpishe. Wengine walifika baharini, wengine Roma.

Mtoto mmoja alimwambia, "Babu, lakini hii trekta haiendi."

"Inakwenda. Wewe ndiye una haraka."

"Sasa tumefika wapi?"

"Nyumbani. Shuka, mwenzako apande."

Uani kwake alichora mstari mweupe wa chokaa. Mashine yoyote ikiwaka pale, hata ya mgeni, watoto walikaa nyuma ya mstari na kupunga mkono, na dereva hakuruhusiwa kurudi nyuma hata hatua moja kabla hajahesabu mikono yote. Delfina alikwenda kwa kujificha, akipita pembezoni mwa soya. Mzee alijua amejificha, kwa hiyo alimwekea kipande chake cha keki nyuma ya pipa. Watoto hukua, lakini. Wakifika miaka kumi na mbili hupewa pikipiki, hawaji tena. Miaka ya mwisho zilipita Jumamosi ambazo aliufungua mlango wa banda asubuhi, akakaa juu ya ndoo, na jioni akaufunga.

Mwezi Novemba 2023 kifua kilianza kumbana. Tarehe 13 Mei mwaka huu alilazwa hospitali huko Paraná. Kila asubuhi alimuuliza muuguzi tarehe. Muuguzi alidhani mzee amepoteza hesabu ya siku, lakini hakupoteza kitu. Alikuwa anahesabu. Ivo, mtoto wa mwisho wa Aldo, alitimiza miaka mitatu mwezi Machi, na siku ya mbegu ilikuwa tarehe 8 Juni.

Aldo alikwenda kumwona tarehe 30 Mei, pamoja na Delfina. Alisimama mlangoni kwanza, kisha akavuta kiti. Mzee hakumlaumu kwa miaka iliyopita wala hakumuuliza habari za mvua.

"Ivo amefika mitatu," alisema.

"Amefika, baba."

"Nani atasimama getini?"

Aldo aliitazama kofia yake. Mwisho akasema, "Pumzika, mzee," akainuka. Marehemu akageukia ukutani. Hilo halikuwa jibu, na wote watatu walilijua. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Chumbani hakukuwa na mtu.

Hospitali ilirudisha nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko wa pajama kulikuwa na ufunguo wa trekta nyekundu, trekta isiyo na betri tangu zamani zile.

Jana asubuhi Aldo alimshika Ivo mkono wakaenda bandani. Alimkalisha kwenye kile kiti kimoja, akamjaza ngano mkononi. Akasimama chini pembeni. Kazi hiyo hakuwahi kuifanya. Kisha akasema, "Hapa ni darajani, mwanangu. Punguza mwendo." Ivo akatupa punje zake, zikadunda kwenye sakafu ya saruji. Marehemu hakuliona hilo. Alikuwa amelala nyumba ya pili, watu wawili wakimkesha. Aldo alitoka bandani akaenda kumtilia baba yake ufunguo kwenye mfuko wa koti.

Leo ndiyo Jumamosi ya pili ya Juni. Mashamba yametulia na mageti yote yako wazi.

Mzee Anselmo Hergert ametanguliwa na binti yake Neli, anayemsubiri hatua chache kutoka hapa, na mkewe Bi Otilia. Ameacha kaka mmoja, Reinaldo. Mtoto mmoja, Aldo, na mkwe wake Graciela. Na wajukuu watatu, Delfina, Bruno na Ivo. Tumewahesabu. Wote wapo, wote wazima.

Apumzike kwa amani, injini imezimwa, ufunguo mfukoni.