Mama Yuko Melini, Simu Ziko Batini

Mambo yalianza Jumatano, saa kumi na dakika ishirini jioni, Mhakiki alipotoka dukani kwake akiwa ameishika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi uliojaa pomoni. Duka lake lilikuwa la fotokopi, na jina hilo alipewa kijiweni kwa sababu hakuna karatasi iliyopita kwenye mashine yake bila kusahihishwa, hata kama mteja alitaka nakala tu. Nje ya mlango kulikuwa na benchi refu lililotolewa kwenye zahanati iliyofungwa, na mgongoni mwa benchi bado yalisomeka maandishi mekundu: KAA HAPA MPAKA UITWE. Wanaume watatu walikuwa wamekaa hapo miaka sasa, na hakuna aliyewaita. Kulikuwa na Kepteni, aliyewahi kulinda geti la bandari, na meli zote alizozijua alizijua kwa kuziona zikiondoka. Kulikuwa na Mwalimu, mstaafu wa jiografia. Na kulikuwa na Fundi Simu, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, lakini ukimtaka ulimkuta benchini. Kahawa ilikuwa ya Bi Birika, aliyekaa kwenye kigoda chake na kumimina bila kuangalia kikombe, maana macho aliyaacha kwenye mazungumzo.

— Vipi, dada, Kepteni aliuliza. Mbona uso umejikunja kama risiti iliyofuliwa?

— Mama hapatikani.

Hilo lilitosha kuwafanya wasogee. Habari yenyewe walikuwa wakiijua nusu. Mama yake Mhakiki, mkunga mstaafu, alikuwa amechukuliwa na mdogo wake, ambaye hufanya kazi ya kufua mashuka kwenye meli kubwa ya watalii. Wafanyakazi wa meli hiyo huruhusiwa kumleta ndugu mmoja kila mwaka, na safari hii zamu ilikuwa ya dada mtu. Meli iling'oa nanga Jumatatu. Nusu ambayo hawakuijua ndiyo iliyomkosesha Mhakiki usingizi. Jumanne aliletewa barua pepe: amepata kazi ya kusahihisha vitabu vya shule, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima, na jibu linatakiwa Alhamisi, ofisi ikifunguliwa. Nyumbani wao ni wawili tu, yeye na mama. Papo hapo akamwandikia: Mama, nikikubali utabaki na nani? Ujumbe ulipata tiki moja ya kijivu, na tangu hapo ile tiki ilikuwa imekaa peke yake, haina mwenzake.

Si kwamba hakujiandaa. Kabla ya safari alimfundisha mama yake jioni nzima: ukipanda tu, weka simu kwenye alama ya ndege ili mtandao wa meli usikulie salio, kisha washa waifai, kisha nunua intaneti yao ya saa, na kwa hali yoyote ile usizime simu. Alimrudisha mwanzo mara nyingi, mpaka mama akamwambia kwamba amezalisha watoto gizani kwa maelezo machache kuliko hayo.

— Huko melini siyo kama hapa, Kepteni alisema, akakaa vizuri. Ujumbe ukifika unapokelewa mlangoni kama mgeni. Unaulizwa unatoka wapi, unamtaka nani, chumba namba ngapi. Wako umekaa mapokezi. Mama asiposhuka kuuliza, ndiyo basi.

Mhakiki alimweleza, kwa upole na kwa urefu, kwamba meli huongea na setilaiti, setilaiti huongea na ardhi, na kwamba huenda mama hajanunua tu ile intaneti. Alieleza vizuri sana. Hakuna aliyemsikiliza, maana katika maelezo yake hakukuwa na nafasi ya mtu kubishana.

Mwalimu alisubiri amalize, akachukua kikombe cha Bi Birika na kukigeuza kichwa chini gotini. Hii ndiyo dunia, alisema. Ujumbe unakwenda umenyooka kama rula, lakini bahari imejipinda. Kwa hiyo ujumbe wa binti ulitoka vizuri, ukafika vizuri, ila ukapita juu ya meli, ukaenda zake. Saa hizi anausoma mtu mwingine kabisa, na pengine ameshaanza kujiuliza atabaki na nani. Dawa yake ni ndogo: utumwe kutoka chini, mtumaji akiwa amechuchumaa.

Kepteni alisema huo ni upuuzi. Tatizo ni mwendo. Meli inakimbia, ujumbe unaifukuza, ukifika meli imeshahama, unabaki unaelea pale na aibu yako. Inabidi umtumie mama ujumbe wa Jumapili ijayo, uende ukamsubiri mbele. Wakabishana kama ujumbe unaweza kusubiri mahali pasipo na kivuli. Wakati wakibishana, Mhakiki, msomi wa chuo kikuu mwenye shahada ya lugha, aliteremsha simu taratibu mpaka usawa wa goti na kubonyeza tena. Tiki ikawa ileile.

— Nimekuona, Bi Birika alisema.

— Nilikuwa najikuna.

Sasa Fundi Simu, kwa uso wa daktari anayengoja majibu ya maabara, aliomba aione hiyo simu. Aliigeuza, akaipuliza tundu la chaji, akaisikiliza. Kisha akatazama mnara uliosimama nyuma ya paa za mtaa, akatazama benchi, akatikisa kichwa. Simu haina ugonjwa, alisema. Ugonjwa ni sisi. Mnara ni ule mmoja, na hapa tumekaa watu watano na simu zetu zote ziko macho. Kila moja inavuta. Kepteni anavuta mpira, Mwalimu anavuta picha za wajukuu, Bi Birika ana simu mbili na zote zinavuta. Mama wa watu yuko katikati ya maji, ana kauzi kembamba ka setilaiti, anajaribu kupenya, anakuta mlango umejaa watu.

— Kwa hiyo tufanyeje? Mhakiki aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo, na yeye mwenyewe akaisikia.

— Tumpishe.

Mhakiki alijua si kweli. Angeweza kuandika kurasa kumi kueleza kwa nini si kweli, na kuweka tanbihi. Lakini ofisi ya vitabu ingefunguliwa kesho, na usiku uliopita alikuwa amemwona mawazoni mama yake, wazi kabisa, akila chakula cha jioni na redio. Wakazima. Kepteni alizima kwa huzuni, mpira ulikuwa dakika za mwisho. Mwalimu alizima, akaiaga. Bi Birika alizima moja, wakamtazama, akazima na ya pili. Fundi akasema simu iliyozimwa bado hunong'ona kupitia betri, hivyo Bi Birika akatoa bati lake la biskuti lenye kifuniko na kuimwaga sukari iliyokuwamo kwenye karatasi. Zikaingizwa simu zote. Fundi akanyoosha mkono kwa Mhakiki.

— Na yako. Hiyo ndiyo inayonong'ona kuliko zote, maana ina shida.

Mhakiki akaizima, akampa. Kifuniko kikabanwa, na Mwalimu akaongeza tofali juu yake, kwa uhakika zaidi. Wakakaa. Kulikuwa na utulivu ambao kijiwe hicho hakikuwahi kuuona. Walisikia mtu akifagia mtaa wa pili. Kepteni alisema kwa sauti ya chini kwamba anahisi kabisa njia imefunguka, na Mwalimu akakubali, akasema hata upepo umebadilika. Bi Birika alimimina kahawa ya mwisho, akagawa matone sawasawa, akainamisha birika kuwaonyesha kwamba ni tupu. Wakanywa polepole, kwa zaidi ya saa nzima, huku wakilitazama bati.

Hapo akafika mama mmoja mgeni, mwenye bahasha mkononi, akitaka nakala ya cheti cha ndoa. Aliwakuta watu wazima watano wamelizunguka bati la biskuti. Akauliza kama kuna msiba. Kepteni akamweleza yote kwa fahari: meli, mama, mnara, na jinsi kijiwe kizima kilivyojitolea. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho.

— Na huyo mama akipiga sasa hivi, atampata nani?

Kepteni akainama kufunga kamba za kiatu. Mwalimu akakitazama kikombe chake kana kwamba dunia imekwenda mahali. Fundi Simu alikumbuka kuna mteja anamsubiri kibandani, akavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Ni Bi Birika aliyeondoa tofali.

Simu ya Mhakiki ilichukua muda kuwaka, ule muda ambao mtu huweza kuzeeka. Kisha ikatetemeka, ikatetemeka tena. Mama alikuwa amepiga mara tatu. Baada ya hapo aliacha ujumbe wa sauti. Mhakiki alibonyeza, na nyuma ya sauti ya mama kukasikika ngoma na watu wakicheka.

— Mwanangu, nimenunua hii saa moja yao, nakupigia, simu umezima. Wewe wa kuzima simu? Naona umeniandikia, lakini miwani nimeiacha chumbani na siwezi kushuka sasa, mama yako mdogo amenitia kwenye mashindano ya kucheza na tumefika fainali. Kama ni jambo zito, wewe ndiye uliyesoma. Nimelala mpaka saa nne leo, mwanangu. Saa nne. Haya, wananiita.

Mhakiki alipiga. Haikuita. Akapiga tena, haikuita. Ile saa moja ya mama ilikuwa imekwisha. Nyuma yake Kepteni na Mwalimu walishaanza kubishana kama sakafu ya meli ikiinama hakimu humwongezea mchezaji alama au humpunguzia, na kila mmoja alimtaka Mhakiki awe shahidi. Yeye alimtolea mgeni nakala yake, na kwa mara ya kwanza hakusoma kilichoandikwa. Akafunga duka mapema.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, alikaa kitandani kwa mama yake, upande wa dirisha, akawaandikia watu wa vitabu kwamba amekubali. Kisha akamwandikia mama. Safari hii hakuuliza atabaki na nani. Aliandika: Mama, nimekubali ile kazi. Naondoka ukisharudi. Mlishinda? Ikatokea tiki moja, ya kijivu. Akaitia simu mkobani bila kuizima, akaenda kufungua duka.